Sombe ya Mbambu

Kitabu chenyewe si kikubwa. Kina kurasa tisini na sita, jalada lake lina rangi ya ndizi iliyoiva, na picha zake zilipigwa kwa simu na watu ambao si wapiga picha, hata katika nyingine unaona kidole cha mpigaji pembeni mwa sahani. Ndani yake mna mapishi ya wilaya yetu ya Kasese, kuanzia vijiji vya juu mlimani ambako maharagwe hupikwa kwa maji ya majivu, hadi Kasenyi ambako samaki huwekwa motoni angali na maji ya ziwa mgongoni. Mimi hukisoma jioni, taratibu, kama wengine wanavyosoma hadithi. Nasoma "chukua viazi vikuu viwili, kila kimoja sawa na kichwa cha mtoto," nacheka peke yangu, kisha nakumbuka jiko la mama yangu na kicheko kinaisha.

Ukurasa wa arobaini na moja una doa la mafuta mekundu. Doa hilo halikutoka jikoni kwangu. Liliwekwa na kidole cha mwanamke anayeitwa Night, na kila nikifika pale nasimama kwanza.

Night ana miaka sitini na miwili. Anauza chakula Bwera, katika kibanda cha mabati kando ya barabara inayoshuka mpakani, mahali ambapo wabadilisha fedha hukaa chini ya miavuli na boda boda hazikosi kupiga honi. Nilimfahamu nilipopelekwa kufundisha huko nikiwa nimetoka tu chuoni. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba yao, na kwa miaka sita nilikula chakula chake karibu kila siku: bundu, yaani ugali wa muhogo, mzito na wa kuteleza, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakachemshwa nusu ya siku pamoja na nyanya chungu na dagaa, kisha yakatiwa mawese, mafuta mekundu ya chikichi, mwishoni. Nimehamia Kasese mjini zamani sasa. Lakini nikisikia njaa ya kweli, siyo ile ya saa tu, ni sombe ile ninayoitaka.

Night alijifunza kuipika kwa mama yake, Mbambu. Mbambu alizaliwa Mutwanga, ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, akaolewa Bwera na mkulima wa kahawa wakati ambapo watu walivuka mto bila kuulizwa kitu. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, lugha moja, majina yale yale. Night alisoma mpaka darasa la tatu. Aliolewa Hima na mtu wa malori ya saruji, wakazaa mabinti wawili, kisha malori yakamchukua mume moja kwa moja, naye akarudi kwa mama yake na watoto na sufuria tatu. Kibanda kilianzia kwenye sufuria hizo. Mwaka waasi walipovamia Bwera alizifukia shambani, akakimbia. Aliporudi alizifukua na kesho yake akapika.

Mbambu alipozeeka aliomba kurudi kwa kaka zake. Night alimsindikiza mwenyewe hadi Mutwanga na kila mwezi alikwenda kumwona. Halafu likaja lile gonjwa la dunia nzima na daraja la mpakani likafungwa. Mwezi wa tano wa kufungwa kule, simu ikaja kwamba Mbambu amekufa na atazikwa kesho. Night alishuka darajani na kitenge cha maombolezo kiunoni. Askari mmoja kijana alisimama mbele yake.

"Afande, ni mama yangu," alimwambia.

"Mama, rudi! Amri ni amri. Rudi!"

Alirudi. Wengine walipita njia za panya kwenye mto, yeye hakuthubutu. Siku ya mazishi alikaa ukingoni mpaka jua likazama, akitazama migomba ya upande ule. Daraja lilipokuja kufunguliwa hakwenda. Ukimuuliza alisema kazi ni nyingi, au kule hakujatulia, na yote mawili yalikuwa kweli. Nadhani ukweli mwingine ni kwamba hakujua afike mbele ya wajomba zake na kitu gani mkononi.

Mbambu hakuwahi kupigwa picha. Hili Night alikuwa akilirudia sana.

Sasa, kuhusu kitabu. Kijana mmoja, Jonan, niliyemfundisha hesabu zamani, ni katibu wa chama cha wakulima hapa mjini. Chama kilipata wazo la kukusanya mapishi ya wilaya, na kila pishi liwekewe jina la mwanamke aliyelifundisha na kijiji chake. Aliniomba nimwandikie ya Bwera kwa kuwa akina mama wa huko wananijua. Mtu wa kwanza niliyemwendea ni Night. Nilipomweleza kuhusu majina, aliacha kukoroga.

"Jina ya mama yangu itakuwa mu kitabu?"

"Jina la Mbambu, ndiyo. Kwa herufi kubwa, juu kabisa."

Alifuta mikono kwenye kanga, akakaa, akaanza kunieleza sombe kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani. Nilijaza kurasa nne. Alitaka nisome kila sentensi, na mara mbili alinifokea kwa kuandika "kijiko" mahali ambapo yeye alisema "mkono."

Baada ya mwezi mmoja Jonan alinipigia simu, tukaenda Bwera pamoja. Alikuwa na aibu. Alikula bundu kwanza, akamaliza, ndipo akasema.

"Mama Night, pishi lako ni zuri. Ila kamati imeweka kanuni. Kila kitu kinachoingia kwenye kitabu kitoke ndani ya wilaya. Muhogo ni wetu, dagaa ni wetu, chumvi ni ya Katwe. Lakini mawese..."

"Mawese imefanya nini?"

"Yanatoka Kongo."

Night alimtazama, kisha akanyoosha mwiko kuelekea chini barabarani. "Daraja iko pale. Kutoka hapa mpaka Kasese ni saa nzima na gari. Kutoka hapa mpaka ng'ambo, nikiita mutu anaitika. Sasa niambie weye ulisoma, gani iko mbali?"

Siraje, dereva wa lori anayekula hapo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, aligonga meza. "Mwambie, Mama! Hata miye sikuzaliwa hapa, nilizaliwa Arua. Banitoe mu kitabu!"

"Weye nani alikuweka mu kitabu? Unakulaka tu, haupikake."

Watu walicheka. Jonan alicheka pia, lakini kanuni ilibaki. Alipendekeza karanga; akina mama wengi hutia karanga kwenye sombe, na karanga tunalima. Jina la Mbambu litabaki pale pale, alisema. Night alirudi kwenye sufuria zake. Kesho yake alipika sombe ya karanga, akamwekea Siraje bila kumwambia. Siraje alikula kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

"Iko namna gani?" Night alimuuliza.

"Nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri kama ya mutu mwingine."

Hapo Night aliniambia nimwambie Jonan aache. Jina la mama yake halitakaa juu ya chakula ambacho mama yake hakupika. Nilijaribu kumshawishi. Nilijisikia vibaya kwa sababu mimi ndiye niliyemletea habari ya herufi kubwa, na sasa nilikuwa kama mtu aliyemwonyesha mtoto pipi kisha akairudisha mfukoni. Nilirudi Kasese, na nilipolala nilikuwa bado nabishana naye kichwani.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja simu ililia kabla sijanywa chai.

"Mwalimu, wabukire," Night alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Tuko na ule muti."

"Mti gani, Mama?"

"Ya mama. Nyuma ya choo."

Nilikuwa nimeuona kwa miaka sita bila kuuona. Nyuma ya choo, kwenye tope linaloelekea mtoni, kulikuwa na mchikichi mmoja, mrefu, umejaa kangaga na ndege. Mbambu alikuja na mbegu yake kutoka Mutwanga alipoolewa. Night alipokuwa mdogo mawese yote ya nyumba ile yalitoka kwenye mti huo. Kisha biashara ya darajani ikakua, mafuta yakawa rahisi kuliko jasho, na mti ukaachiwa ndege. Night alikuwa ameusahau kama mtu anavyosahau nguzo ya nyumba yake.

Jonan alikubali. Mti umesimama Bwera, alisema, hauna kosa. Ila kitabu kilikuwa karibu kwenda kwa mchapaji. Kamati ingekuja kuonja Jumamosi iliyofuata, na baada ya hapo mlango umefungwa.

Nilikwenda Jumatatu kumsaidia. Kosmasi, jirani ambaye ujanani mwake alikuwa akimpandia Mbambu mti huo, alivaa kamba kiunoni akapanda, akilalamika njia nzima kuhusu magoti, akaangusha mikungu miwili. Chikichi zilikuwa nyekundu na nyeusi, zinang'aa. Tulizichambua, tukazifunika kwa majani ya migomba, tukapanga kuzichemsha na kuzitwanga kesho yake asubuhi mafuta yawe matamu.

Jioni hiyo dada yake Kosmasi, aliyekuwa mgonjwa muda mrefu, alifariki.

Huku Bwera kukiwa na msiba hakuna anayeshika jembe, na kinu hakisikiki. Kutwanga karibu na nyumba ya kilio ni kumwambia mfiwa kwamba wewe una shughuli zako. Hakuna aliyetukataza, na hakuna aliyehitaji kutukataza. Jumanne tulikaa msibani. Jumatano tulipika kwa ajili ya wageni, vitu visivyotwangwa. Alhamisi tukazika. Kila nilipopita nyuma ya choo nilisikia harufu chini ya majani yale, harufu kali, kama ya pombe ya ndizi iliyosahauliwa. Night naye aliisikia, akaongeza mwendo.

Ijumaa alfajiri tulifunua. Nyuki wadogo waliruka. Chikichi zilikuwa zimelainika, nyingine zimetoa povu.

"Zimekufa," Night alisema.

Siraje alikuwa amekuja kuchukua chai. Alichungulia, akaziba pua. "Mama Night, miye nashuka darajani sasa hivi. Nakuletea chupa moja ya mawese safi. Unamwaga mu chupa yako. Kamati itajua nini? Mafuta haina kitambulisho."

Nakiri kwamba nilimtazama Night nikitamani akubali.

"Niweke jina ya mama yangu juu ya uongo?" alisema. "Lete kuni."

Tulichemsha. Tulitwanga kwa zamu mpaka nyuzi zikaachana na kokwa. Night alimwagia maji ya moto, akakamua kwa mikono, akatupa makapi, akakamua tena, viwiko vyake vikawa vyekundu kama vya mchinjaji. Aliengua mafuta yaliyoelea, akayarudisha motoni mpaka yakaacha kulia. Kazi ya siku nzima ilitoa chupa mbili tu. Mafuta yalikuwa na rangi nzito kuliko ya darajani, na harufu yake ilikuwa bado kali.

Jumamosi kamati ilifika, watu wanne pamoja na Jonan, wakakaa kwenye mabenchi. Mimi na Night tulikuwa jikoni nyuma ya pazia. Alitia mafuta kwenye sombe, akakoroga, akafunika, akafunua, akachota kidogo kwa ncha ya mwiko, akaonja.

Aliketi chini, juu ya gunia la makaa, bila kuangalia anaketi wapi.

"Imeharibika?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa. Alinipa mwiko. Nilionja. Ilikuwa na ukali mdogo unaokuja nyuma, kooni, baada ya utamu kupita. Ukali unaofanya ulimi urudi kutafuta tena. Sikuwahi kuonja sombe ya namna ile kwake, wala kwa mtu mwingine.

"Ni ya mama," alisema. "Hii ni ya mama."

"Lakini siku zote ulikuwa unapika ya mama."

"Sikiliza. Mama alikuwa anakata Jumatatu. Jumanne iko soko. Jumatano shamba. Alhamisi anapumzika mugongo. Anatwanga Ijumaa, kila wiki namna hiyo. Miye nilisema ni kukosa nafasi. Nilipoanza kupata pesa nikamwambia, mama, wacha kujichosha, nitanunua ya darajani, iko safi." Alikuwa akizungumza na sufuria. "Alikula sombe yangu miaka ishirini. Hakusema kitu. Ila kila siku anaomba nyanya chungu mbichi pembeni ya sahani. Anaumauma, anaendelea kula. Nilifikiri ni tabia ya wazee."

Nje mtu alikohoa, njaa ikimsumbua. Night alijifuta uso kwa upande wa ndani wa kiwiko, ingawa hapakuwa na moshi, akaanza kupakua.

Mwanamke mmoja wa kamati alikunja uso kwa tonge la kwanza. Jonan aliuliza kwa adabu kama ukali ule ulikusudiwa.

"Siku nne chini ya majani," Night alimjibu, bila kusita. "Andika. Ukitwanga siku nne hazijaisha, hiyo si yake."

Aliandika. Yule mwanamke aliyekunja uso aliomba sahani ya pili, na Siraje, aliyekuwa amejipenyeza mwisho wa benchi bila kualikwa, alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali. "Sasa hii," alisema, "hii iko na mwenyewe."

Palibaki fomu. Jina la aliyefundisha: Mbambu. Kijiji: hapo Jonan aliinua kalamu, akasubiri. Nilijua anaogopa jibu, nami niliogopa pia.

"Mutwanga," alisema Night.

Wale watatu walitazamana. Mmoja alianza kusema kwamba kanuni inasema ndani ya wilaya.

"Kanuni ni ya vyakula," alisema Jonan. "Haikusema watu." Na akaandika haraka, kabla mtu hajafikiri zaidi.

Kitabu kilitoka baada ya miezi mitatu. Nilichukua nakala yangu na nakala ya Night, nikapanda gari la Bwera. Ilikuwa Jumatatu, kesho yake soko, naye alikuwa anapakua wali wa mtu. Nilifungua ukurasa wa arobaini na moja kwenye kitabu changu, nikauweka mbele yake.

"Wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha. Aliweka kidole chake pale, kikiwa na mafuta mekundu, juu ya jina. Alikisogeza polepole mpaka mwisho wa mstari.

"Soma."

"Sombe ya Mbambu. Mbambu alizaliwa Mutwanga, akapika Bwera."

"Tena."

Nilisoma tena. Mteja wa wali aliuliza wali wake, akaambiwa anyamaze. Night alifunga nakala yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga mara mbili, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na chupa ya pili ya mawese, ile iliyobaki tangu siku ya kamati, imezibwa kwa kigunzi cha hindi.

"Kesho naenda," alisema.

"Wapi? Kesho ni soko."

"Kwa mama."

Asubuhi nilimsindikiza hadi darajani. Kibanda kilikuwa kimefungwa siku ya soko, na watu waliulizana njiani nani kafa. Siraje alikuwa kwenye foleni ya malori; alipoona chupa alitoa kichwa dirishani.

"Mama Night! Unapeleka mawese Kongo? Kesho utapeleka maji mu ziwa?"

"Funga mudomo, nitakuletea salamu."

Mkaguzi wa upande wa pili alimsimamisha. Niliwaona kutoka pale nilipobaki. Alifungua mfuko, akakiangalia kitabu, akakirudisha. Akatoa kigunzi kwenye chupa, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, mafuta gani hii? Inanuka!"

"Iko sawa hivyo," Night alisema, kwa sauti niliyoisikia mpaka kwangu. "Iko ya siku nne. Mwenyewe ananingoja."

Yule mtu alirudisha kigunzi, akakikandamiza vizuri kwa kiganja ili mafuta yasimwagike njiani, akamwacha apite.